Fundi Kwanza, Regulata Baadaye

Nachingwea na Ruangwa zimo katika Mkoa wa Lindi, mkoa wenye pwani, lakini zenyewe hazigusi bahari. Kijana wa huko anayetaka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi itambidi ashuke Mtwara na Mikindani, aende Kilwa au Mafia, ama avuke hadi Unguja. Sababu za kutaka kujifunza si za anasa tu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ile ya Mafia iliyotangulia mwaka 1995, zina matumbawe yanayovuta wageni, na wageni huhitaji waongozaji. Kilwa ina magofu ya mji wa kale na bandari yake, mahali ambapo akiolojia haiishii ufukweni. Na nchi nzima inahitaji waokoaji. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kufika kwa mitumbwi yao. Watu 19 walipoteza maisha, na taifa likajiuliza wapiga mbizi wetu wako wapi na vifaa vyao viko wapi.

Mtu akishaamua kujifunza, swali la vifaa humjia mapema, na kifaa kinachomsumbua kuliko vyote ni regulata, ile mashine inayopokea hewa ya mtungi na kumpa mpiga mbizi pumzi anayoweza kuivuta. Maduka hulijibu swali hilo kwa kutaja modeli. Hoja ya makala haya ni kwamba modeli ndiyo iulizwe mwisho. Kwa mtu anayeishi mbali na bahari, katika nchi ambayo duka la vifaa hivi ni la kutafutwa kwa tochi, kinachotangulia ni matumizi, kisha fundi, kisha spea. Aina na bei hufuata.

Regulata inafanya nini

Karibu kila nyumba ya mjini Nachingwea inayopikia gesi ina regulata juu ya mtungi wake. Gesi ya ndani ina mgandamizo mkubwa, jiko linataka kidogo, na kile kidude kilicho katikati kinapunguza. Regulata ya mpiga mbizi ni ndugu yake, ila ina kazi moja ya ziada: lazima ijue mtumiaji yuko kina gani.

Juu ya maji tunabeba mgandamizo wa hewa wa bar 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bar 1 nyingine, kwa hiyo kwenye mita 20 mwili umebanwa kwa bar 3. Pafu haliwezi kuvuta hewa yenye nguvu ndogo kuliko maji yanayolibana kifua. Ndiyo maana mtu hawezi kukaa mita 5 chini akavuta pumzi kwa mrija mrefu uliochomoza juu. Regulata humletea hewa yenye nguvu sawa na maji yaliyomzunguka, popote alipo.

Inafanya hivyo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hufungwa juu ya valvu ya mtungi. Hupokea hewa ya bar 200 hivi na kuishusha hadi bar 8 mpaka 10 juu ya nguvu ya maji ya pale. Hatua ya pili ndiyo inayokaa mdomoni. Ukivuta, diaframu ndogo ndani yake, yaani utando wa mpira, huingia, husukuma wenzo, valvu hufunguka na hewa huja. Ukiacha kuvuta, valvu hufunga. Hewa unayoitoa hupita kwenye mpira laini na kwenda zake kama mapovu.

Seti kamili ina hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya pili ya akiba ambayo wapiga mbizi huiita oktopasi na ambayo kwa kawaida huwa ya njano ili mwenzako aione upesi, geji ya kuonyesha hewa iliyobaki, na mpira wa kujazia jaketi la kuelea. Anayeuziwa vipande viwili tu kwa bei ya kuvutia bado hajanunua seti.

Hapa kuna imani moja ya kuondoa mapema, kwamba regulata ya bei kubwa huokoa hewa. Piga hesabu. Mtungi wa alumini wa lita 11, ambao vituo vingi vya kitalii hutumia, ukijazwa bar 200 hubeba takriban lita 2,200. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwenye mita 20 atatumia lita 60. Akiweka akiba ya bar 50, yaani lita 550, zinabaki lita 1,650, sawa na dakika 27 na kitu. Muda huo haurefushwi na chapa iliyoandikwa kwenye chuma. Unarefushwa na utulivu, risasi za kiunoni zilizopimwa vizuri, na mikono isiyopapasa ovyo. Anayeanza humaliza mtungi kabla ya mwalimu wake hata wakibadilishana regulata.

Chombo kilichozaliwa mgodini

Watu wa Ruangwa wana haki ya kuiona mashine hii kuwa ya kwao kuliko wanavyodhani. Wilaya yao ni ya wachimbaji wa dhahabu na vito, na sasa wa madini ya kinywe. Mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza regulata inayotoa hewa kwa kadiri ya pumzi ya mtumiaji alikuwa mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol, mwaka 1860. Alitaka waokoaji waweze kuingia mgodini penye hewa chafu na kutoka wakiwa hai. Miaka minne baadaye, yeye na afisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, wakakigeuza chombo hicho kwa ajili ya wapiga mbizi. Kilikosa mtungi wenye kubeba hewa ya kutosha, kwa hiyo kikategemea mpira uliotoka juu.

Kati ya 1942 na 1943, Ufaransa ikiwa chini ya ukaliaji wa Ujerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa na valvu ya kuendeshea magari kwa gesi. Jacques-Yves Cousteau, mwanamaji aliyetaka kuogelea huru chini ya bahari, akamfuata. Wawili hao wakaigeuza valvu ya gari kuwa Aqua-Lung. Regulata zote za leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Historia hii inabeba onyo kwa wachimbaji. Regulata ya mbizi ilitoka mgodini, lakini hairudishwi mgodini. Inaacha pua na macho wazi, na haina uwezo wa kusukuma hewa chafu nje ya uso. Waokoaji wa migodini na wa moto hutumia kinyago kinachofunika uso mzima, chenye mgandamizo wa ndani unaoizuia sumu kuingia. Anayenunua regulata moja kwa kazi zote mbili amenunua kifaa cha kazi moja na hatari ya kazi ya pili.

Nani anunue, nani asinunue

Swali la regulata gani lina swali lingine mbele yake: je, ununue kabisa? Wengi wanaoanza jibu lao ni hapana, bado.

Kozi ya kwanza ya mashirika makubwa kama PADI na SSI, ile ya Open Water, humpa mwanafunzi kibali cha kwenda mpaka mita 18 baada ya mazoezi ya bwawani na mbizi za baharini. Katika kozi hiyo kituo ndicho kinachotoa regulata. Mwanafunzi anayefika na ya kwake mpya kabla hajavuta pumzi hata moja chini ya maji amechagua asichokijua. Akishamaliza, kwa kawaida atakuwa ametumia regulata zaidi ya moja na atajua ipi ilimpa pumzi nyepesi na ipi ilimchosha taya.

Kuna hoja nzuri ya upande wa pili. Mwenye chombo chake anajua historia yake: kilifanyiwa sevisi lini, kiliangushwa au hakikuangushwa, na nani alikitia mdomoni. Hoja hiyo ina uzito, lakini nusu yake ina dawa. Kipande cha mpira kinachong'atwa huuzwa peke yake kwa bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Beba chako, mwombe mhudumu akufungie, na suala la usafi limekwisha.

Nusu iliyobaki, yaani kuijua historia ya chombo, hununuliwa kwa fedha. Chukua mfano. Seti ya kuanzia huko Ulaya na Marekani huuzwa kati ya dola 300 na 500. Ikifika Tanzania ina gharama ya usafiri, ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tuseme imesimama shilingi milioni 1.2, na sevisi pamoja na nauli ya kuipeleka na kuirudisha ni laki 2 kwa mwaka. Kwa miaka mitano jumla ni milioni 2.2. Mtu wa Nachingwea anayepiga mbizi mara 10 kwa mwaka atakuwa amelipa shilingi 44,000 kwa kila mbizi, na hapo hajalipia boti wala hewa. Anayefanya kazi Mafia au Nungwi, mwenye mbizi 150 kwa mwaka, atakuwa amelipa chini ya shilingi 3,000. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali mtu anapoishi na kazi anayofanya.

Kwa hiyo, anayeshuka pwani likizo hadi likizo akodi. Anayelenga cheti cha divemaster (mwongozaji wa wapiga mbizi), ambacho PADI humtaka mtu awe na angalau mbizi 40 anapoanza na 60 anapohitimu, anunue, kwa sababu regulata itakuwa zana yake ya kazi. Anayeota kazi za mabomba ya gesi, kama lile linalopita chini ya bahari kutoka Songosongo hadi Somanga tangu 2004, asinunue regulata ya kitalii kwa ndoto hiyo. Wapiga mbizi wa viwandani hupata hewa kwa mpira kutoka juu, huvaa kofia ngumu, na mafunzo yao ni mengine kabisa.

Pistoni, diaframu na mzigo wa sifa

Ukishaamua kununua, utakutana na maneno mengi kwenye sanduku. Yenye maana ni machache.

La kwanza ni pistoni au diaframu. Hatua ya kwanza ya pistoni ina vipande vichache, ni ngumu kuharibika, na sevisi yake ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba katika modeli nyingi maji huingia penye springi, na yanapokauka huacha chumvi au tope. Ya diaframu ina vipande vingi zaidi, lakini maji hubaki nje. Mwongozaji wa watalii kwenye maji maangavu ya Mafia, mahali watu wanapofuata matumbawe na papa potwe, pistoni inamtosha. Askari wa Zimamoto na Uokoaji anayeingia kisimani, bwawani au mtoni kutafuta aliyezama, kwenye maji yasiyopitisha hata mwanga wa tochi, anahitaji diaframu iliyozibwa.

La pili ni kusawazishwa au kutosawazishwa. Katika regulata isiyosawazishwa, nguvu ya hewa ya mtungi inashiriki kufungua valvu. Mtungi ukikaribia kuisha, pumzi huwa nzito kidogo. Iliyosawazishwa hutoa pumzi ileile mwanzo hadi mwisho. Wauzaji hulitumia jambo hili kuwatisha watu, lakini ndani ya mita 18, na mtu anayepanda juu akiwa bado na bar 50, tofauti ni ndogo. Modeli kama Scubapro MK2 na Cressi AC2 ni pistoni zisizosawazishwa, na zimejaa kwenye vituo vya kukodisha kwa sababu hazina makuu. Anayelenga mita 30 na zaidi, au kazi ya kumpa hewa mwenzake aliye taabani, alipe tofauti anunue iliyosawazishwa.

La tatu ni baridi, na hapa ndipo mnunuzi wa Afrika Mashariki hulipishwa asichokihitaji. Hewa inapopanuka ghafla hupoa, na katika maji ya baridi kali barafu inaweza kuikwamisha regulata ikamwaga hewa bila kusimama. Watengenezaji wameweka kinga nyingi dhidi ya hilo, na kinga hizo zina bei. Viwango vya Ulaya vya EN 250 huweka mpaka kwenye nyuzi 10 za Selsiasi: regulata isiyopimwa kwa baridi huandikwa kuwa ni ya maji yanayozidi nyuzi hizo. Bahari yetu kwa mwaka mzima hucheza kati ya nyuzi 25 na 30, na maziwa yetu makuu nayo ni ya uvuguvugu. Alama hiyo inayomkosesha usingizi mnunuzi wa Norway haimhusu mtu wa Mikindani. Kinachomhusu ni alama yenyewe ya EN 250, kwa sababu inamwambia chombo kimepimwa uwezo wa kutoa hewa kwenye kina cha mita 50. Regulata isiyo na alama yoyote ya kiwango iachwe dukani hata ikiwa ya bei ya bure.

La nne ni namna ya kufunga mtungini. Zipo mbili. INT hubana valvu kwa nje kwa kibano na skrubu. DIN huzungushwa na kuingia ndani ya valvu. Ya DIN hukamata oringi (pete ya mpira inayozuia hewa kuvuja) pande zote, kwa hiyo ni vigumu oringi kupasuka, na huvumilia mgandamizo mkubwa zaidi. Valvu nyingi za leo hupokea zote mbili kwa kutoa au kuweka kipande kidogo cha katikati. Kwa mtu atakayehama kutoka kituo kimoja hadi kingine, busara ni kununua DIN na adapta ya INT. Kinyume chake hakina njia nyepesi.

Mengine, kama rangi, umbo na vitufe vya kurekebisha ugumu wa pumzi, ni ya anasa. Kurekebisha ugumu humfaa anayejua anachokirekebisha.

Nachingwea ilikwisha kufundishwa

Sasa tufike kwenye kiini. Kuna mahali pachache duniani palipofundishwa kwa gharama kubwa kuhusu kununua mashine kabla ya fundi wake kama Nachingwea.

Mradi wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake makubwa pamoja na Kongwa na Urambo. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na wakubwa walikuwa na haraka. Matrekta yalitafutwa popote, mengi yakiwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Mashine ziliharibika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Spea zilikuwa mbali na karakana hazikutosha. Mvua na udongo navyo vilikuwa na lao, lakini matrekta yaliyolala porini ndiyo yaliyoonekana na kila mtu. Januari 1951 mradi ulifutwa kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Bandari ya kina ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ilikamilika 1954 bila karanga za kusafirisha, na reli yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Regulata ina masharti yaleyale kwa kiwango kidogo. Watengenezaji wengi hutaka ikaguliwe kila mwaka, na ifunguliwe yote kila mwaka mmoja au miwili, au baada ya mbizi mia hivi, kutegemea modeli. Anayeifungua hubadilisha oringi, kiti cha valvu na chujio, huisafisha, kisha huipima upya kwa geji maalumu. Vipuri huja kwa pakiti ya modeli husika, na pakiti ya modeli moja haiingii kwenye nyingine. Dhamana za baadhi ya kampuni hufa pale mteja anaporuka sevisi moja.

Kazi hii si ya fundi pikipiki, hata awe hodari kiasi gani, wala si ya fundi wa majiko ya gesi. Fundi wa regulata hupewa mafunzo na mtengenezaji, chapa kwa chapa, na huwa yupo penye vituo vingi vya kupiga mbizi. Kwa Tanzania maana yake ni Unguja kabla ya popote. Kwa hiyo swali la mtu wa Ruangwa si chapa ipi iliyo bora duniani. Ni chapa ipi ambayo fundi wake anafikika kwa basi na boti, na ambayo spea zake ziko kabatini badala ya kuagizwa.

Njia ya kulijua jibu ni rahisi. Nenda kwenye kituo unachokusudia kupigia mbizi, uangalie regulata zao wenyewe. Kituo kinachomiliki seti ishirini za chapa moja kimekwisha kukufanyia utafiti. Wana fundi, wana spea, na seti hizo zimepigwa jua na chumvi mwaka baada ya mwaka. Nunua ndugu yake. Ukilazimika kuchagua kati ya modeli nzuri isiyo na fundi na ya kawaida yenye fundi, ya kawaida ndiyo iliyo nzuri.

Mtumba wenye macho

Wageni wanaofanya kazi Dar es Salaam na Zanzibar huondoka, na wanapoondoka huuza. Regulata ya mtumba inaweza kuwa neema au mtego. Mambo manne huzitenganisha.

Tazama chujio dogo lililo mdomoni mwa hatua ya kwanza. Likiwa la kijani, maji ya chumvi yaliingia ndani na shaba imeanza kuliwa. Kunja mipira taratibu karibu na vikonyo vyake. Nyufa ndogo maana yake ni mipira mipya. Uliza kama pakiti za spea za modeli hiyo bado zinatengenezwa, na uliza fundi, si muuzaji. Kisha ongeza kwenye bei gharama ya sevisi kamili, maana regulata ya mtumba haiingii majini kabla haijafunguliwa. Jumla ikikaribia bei ya mpya, nunua mpya.

Kuna kipimo kinachofaa kwa mtumba, kwa ya kukodi na kwa yako mwenyewe kila asubuhi. Kabla hujafungua mtungi, weka regulata mdomoni na uvute: isipitishe kitu. Ikipitisha, kuna tundu. Fungua mtungi, uvute pumzi kadhaa huku ukiitazama geji. Mshale ukiyumba kila unapovuta, valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri au chujio limeziba. Fanya hivyohivyo kwa oktopasi, maana hiyo ndiyo atakayoivuta mwenzako siku mambo yakiharibika.

Kuishi na regulata mbali na bahari

Adui wa regulata iliyoko Mikindani ni chumvi. Ya Nachingwea ina maadui wengine: vumbi, joto la chini ya bati, panya, na salfa. Kuanzia katikati ya mwaka mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na katika nyumba nyingi mifuko ya salfa hulala chumba kimoja na kila kitu. Salfa huichafua shaba na kuitia weusi, na shaba ndiyo nyama ya hatua ya kwanza chini ya ule mng'aro wa nje. Regulata isilale chumba kimoja nayo.

Baada ya mbizi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifuniko cha hatua ya kwanza kikiwa kimekaushwa na kufungwa kwanza. Kitufe cha kupulizia kisibonyezwe ikiwa ndani ya maji bila hewa, kwani maji yatapanda kwenye mpira. Ikauke kivulini. Iwekwe kwenye begi pana ambamo mipira haikunjwi, na safarini isifungwe nyuma ya bodaboda.

Kubwa kuliko hayo ni hewa. Hakuna kompresa ya kujazia matairi inayoweza kujaza mtungi wa mbizi, na hata ingeweza isijaribiwe: hewa yake hubeba mafuta na huenda ikabeba moshi wa injini, na kiasi kidogo cha moshi juu ya ardhi huwa sumu kali chini ya maji. Mtungi wa oksijeni wa hospitali nao si mbadala. Oksijeni tupu huweza kuleta degedege hata kwenye mita chache, na degedege chini ya maji ni kuzama. Hewa ya mbizi hujazwa na kituo chenye kompresa maalumu na machujio yake, basi.

Fedha na majira

Katika wilaya hizi fedha ina msimu. Minada ya korosho chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka, malipo hupitia vyama vya msingi, na ghafla mtu ana kitita mkononi. Majira hayohayo kusi imekwisha na bahari ya kusini imetulia. Fedha na maji maangavu huja pamoja, na kishawishi cha kununua kila kitu mara moja huja navyo.

Mpangilio wa busara ni mwingine. Fedha ya msimu wa kwanza iende kwenye kozi, na kwenye miwani ya kupigia mbizi inayokaa vizuri usoni pamoja na mapezi ya miguuni. Vifaa hivyo vina gharama ndogo, havina sevisi, na humfaa kila anayeshuka pwani. Msimu wa pili upime: je, umepiga mbizi mara ngapi, wapi, na kituo kipi kimekuzoea? Regulata ije msimu wa tatu, ikiwa majibu yanaidai.

Hukumu, basi, ni hizi. Anayepiga mbizi kwa likizo asinunue. Abebe kipande chake cha mdomo na ajue kukagua cha kukodi. Anayefuata kazi ya kuongoza watalii anunue pistoni au diaframu iliyosawazishwa, ya DIN yenye adapta, ya chapa inayotumiwa na kituo anachofanyia kazi, na asilipie kinga ya barafu. Taasisi ya uokoaji inunue diaframu iliyozibwa, seti zote za modeli moja ili spea ziwe moja, na bajeti ya sevisi ipitishwe siku ileile na ya ununuzi. Kifaa cha uokoaji kilichokosa sevisi ni kibaya kuliko kukosa kifaa, kwa sababu humpeleka askari majini akiwa na imani asiyostahili kuwa nayo.

Na anayesimama mbele ya kabati la duka, akiwa na fedha mkononi na regulata tatu zinazong'aa mbele yake, amuulize muuzaji swali moja tu: sevisi ya mwakani nitaifanya wapi, kwa nani, na kwa siku ngapi? Muuzaji mwenye majibu matatu amekwisha kukusaidia kuchagua. Asiyekuwa nayo, mshukuru uondoke.